Saa za Maji

Ramani tumeitandaza juu ya meza ya kulia,
pembe zake tumezigandamiza kwa mabonge ya chumvi ya Bahi,
chumvi iliyochemshwa na wanawake wasioijua pwani.
Bahi, bahari. Foibe anacheka:
"Herufi mbili tu, tumefika."

Kutoka Kilwa Masoko hadi Lindi, kwa miguu.
Siku nane magoti yake yakikubali,
tisa yakigoma.
Barabara iko bara huko, haituhusu.
Upande wetu ni matumbawe yenye meno,
mikoko, mchanga, mikoko tena,
na pale Mbwemkuru unapomwagika baharini
penseli yangu imesimama. Leo siku ya tatu.

Mimi ni mpima visima.
Kazi yangu Makutupora ni kuteremsha utepe gizani
na kuandika maji yako wapi leo.
Miaka kumi na minne nimeyaandika yakishuka.
Maji ninayoyajua mimi yakienda yamekwenda.
Sasa najifunza maji yanayorudi
mara mbili kwa siku, bila kuombewa kanisani,

na maneno yake, ambayo kwetu hayakuwa na kazi:
bamvua, bahari inapojaa hadi kulamba nyasi
kisha ikapwa hadi mwamba ukaonyesha mgongo;
maji mafu, inapochoka,
haiji sana wala haiendi.

Tukivuka mto kwenye kupwa kwa bamvua
maji yatakuwa ya magotini, lakini kwa muda mfupi,
kisha yatageuka yatukimbize.
Tukivuka kwenye maji mafu hayana haraka,
ila ni ya kifuani.
"Kifua cha nani?" anauliza Foibe,
aliye mfupi, asiyejua kuogelea.
Mimi najua kidogo. Nilijifunzia bwawa la Hombolo,
kwenye maji yaliyotulia kama uji uliopoa.
Nimeandika: *kuulizia mwenye mtumbwi.*
Nimefuta. Nimeandika tena.

Mengine ni rahisi. Mlenda mkavu hauna uzito.
Unga wa uwele, karanga, chumvi (tukacheka tena).
Viatu vya mtumba kutoka Majengo,
kimoja kinalia kikikanyaga.
Maji ya kunywa lita nne kwa kichwa kwa siku,
na hapo kicheko kikaisha,
kwa sababu siku ya nne na ya tano
ramani haina kijiji, haina kisima,
na mimi, mtu wa visima, sina la kusema.

Chidumizi wa ofisini alipita, akainamia meza.
"Kwani huku mmekosa nini?"
Foibe alikuwa ametoka zamu ya usiku, Mirembe,
bado na kalamu kwenye nywele.
"Nataka nichoke," akasema,
"kwa sababu niliyoichagua mwenyewe."
Chidumizi akachukua karanga, akaondoka.

Siri yangu ni hii, hata yeye sijamwambia.
Bahari huchelewa kila siku, kama dakika hamsini,
nami nimeanza kuchelewa nayo.
Saa yangu ya mezani naisogeza kila usiku.
Jana kulipwa saa tisa na dakika kumi.
Leo saa kumi kamili, alfajiri, mbwa wakinibwekea,
nimeshuka kwenye mchanga wa Kinyasungwe mkavu
na kilo kumi na nane za mawe mgongoni.
Nimetembea kwa haraka ya mtu anayefukuzwa,
sikio upande wa kushoto, mahali bahari itakapokuwa.
Upande ule palikuwa na miiba tu na baridi.

Niligeuka kulipopambazuka.
Nyayo zangu zilikuwa zimekaa vilevile, moja moja,
hadi mbuzi wa kina Masinjisa walipokuja kuzivuruga,
nusu saa kabla ya wakati niliouandika.
Hilo nalo nimeliongeza pembezoni mwa ramani,
chini ya bonge la chumvi,
ambalo usiku, sijui kwa nini,
limetoa jasho.