Matope ya Namba Sita

Waandishi wa Kampala wanamuuliza siri ya kombe,
naye anasema nidhamu, anasema mazoezi ya alfajiri,
anasema Mungu.
Haya. Na mimi nina ndoo mbili na mche wa sabuni.
Niulizeni.

Dismas Oketcho nilimjua kwanza kwa kola.
Aliitafuna kila tulipopigiwa kona,
mate na vumbi la saruji
vikigandamana mle kama ukuta mpya.
Namba sita. Matope yake yalikaa ubavu wa kulia daima:
kulia ndiko alikoangukia,
kulia ndiko alikokata mpira miguuni mwa watu,
na siku nyingine miguu yenyewe.
Sikumpenda. Nani ampende mtu
anayemaliza sabuni ya watu watatu?

Kisha ile Jumamosi na timu ya Mbale,
mvua imeupiga uwanja tangu saa nne,
goti likalia. Nililisikia nikiwa mlangoni pa stoo,
kama muwa unapovunjwa pajani.
Jezi ilinijia safi ubavu wa kulia.
Tope lote lilikuwa mgongoni,
mahali ambapo hakuwahi kulala.

Miaka minne aliuza mafuta ya taa karibu na reli.
Akipita kwangu hasalimu, anaitazama kamba,
jezi zinaning'inia vichwa chini,
anaitafuta sita, anaondoka akichechemea.

Walipompa timu hawakumpa kwa mapenzi.
Tulikuwa mkiani, kocha aliyetangulia
ameondoka na redio ya ofisi,
kiwanda kinasema mwakani hakuna fungu.
Akaja na koti la kijivu la harusi yake,
kwapa limefumuka.
Wachezaji walicheka. Nami nilicheka.

Jioni ya mechi ya kwanza, tumefungwa tatu,
akaja bombani, akapindua dumu, akalikalia.
"Usiloweke bado, Nyafwono."
Akazishika moja moja zikiwa na jasho,
akakagua viwiko, akazigeuza mgongo.
"Hii ya nani?"
Ya Magomu.
"Mbona nyeupe hivi?"
Nikasema, Magomu anakimbia sana.
"Anakimbia," akasema. "Anakwepa."
Wiki iliyofuata Magomu alikaa benchi,
akaanza yule mtoto Emuron, mwembamba kama uzi,
aliyechafua mpaka ndani ya soksi.

Tangu hapo, yeye anasoma, mimi nafua.
Misimu mitano. Nimejifunza udongo wa nchi nzima:
mwekundu wa Masaka hautoki kwa siku moja,
mweusi wa Lira unataka maji baridi,
wa Arua una mchanga, unakula vidole.
Yeye alijifunza nani analala na njaa,
nani kaficha jeraha
akafuta damu kwa soksi ya mwenzake.
Hakupiga kelele. Alimwita mtu pembeni,
akamwambia jambo, nami nikasuuza kwa nguvu
nisisikie. Nilisikia.

Magomu alirudi kikosini na mvua za Machi,
jezi yake kama gunia la viazi.
Nilimlaani.
Oketcho alicheka peke yake pale kwenye dumu,
akitafuna kola ya koti.

Jumapili, fainali, Namboole,
moja bila, filimbi imelia,
wakambeba juu, wakateleza,
wakaanguka wote naye kwenye tope la goli.
Niliona kwenye televisheni ya duka la dawa.
Nikauliza, ubavu gani?
Watu wakaniangalia.

Leo basi limeingia Tororo, honi mpaka kiwandani.
Mwamba umesimama palepale, haujali.
Meneja ana hotuba, kombe lina alama za vidole vya kila mtu.
Yeye kapita nyuma ya stoo,
kavua koti, kanipa.

Kulia.

Mfukoni karatasi ya majina, wino umevuja,
hakuna linalosomeka.
Nikamwambia, sabuni imekwisha, Kocha.
Na mshahara wa Machi.
Akapindua dumu, akakaa.