Kisanduku cha Jina

Fomu ina kisanduku kimoja tu cha jina,
upana wa kucha ya dole gumba.
Nami nimekaa katika mtumbwi wa Mjaka,
magoti juu, kalamu mdomoni,
naisubiri hori iniambie inaitwaje.

Ofisini Wete ilikuwa mstari wa buluu,
mkono uliokatwa kwenye kiwiko.
Hapa ni tope, na tope lina pumzi:
lapwita, lafuka, lanusa visigino.

"Huku mlangoni," asema Mjaka, pondo begani,
"ni Kwa Mwanamanga.
Ukiupita ule mchu ulioinama, ni Hori ya Tondo.
Kule ndani sisi hatwendi.
Kule kawaulize wanawake."

Mwalimu wangu wa ramani alituchorea ubaoni:
zamani bahari ilikuwa mbali, chini,
imejikunyata kwenye kina chake.
Mto ukashuka kuifuata,
ukachimba, ukachimba,
ukalikata jiwe kama mtu apasuaye boga.
Kisha bahari ikarudi bila hodi,
ikalala kitandani mwa mto.
"Ndiyo hori," alisema, akafuta ubao kwa kiganja.
Miaka elfu kadhaa, vumbi jeupe kwenye shati lake.

Bi Time tulimkuta kati ya mikandaa,
kibwebwe kiunoni, kisu cha chaza mkononi,
nusu ya miguu yake haionekani.
Nikasalimu, nikauliza. Akacheka kwanza.
"Jina la saa hii, au la maji kujaa?
Yakipwa, hapa ni njia, twaita Pito la Jeneza,
maana makaburi yetu yako ng'ambo
na maiti hangoji maji.
Yakijaa, hapana njia.
Njia isiyokuwapo utaiitaje?"

Nikaandika, nikafuta. Karatasi ikatoboka.

"Twende juu," akasema, "ukaone kichwa chake."
Tukauacha mtumbwi. Nikazama hadi magotini;
kiatu changu kimoja kikabaki rehani.

Mikandaa ikapungua kimo, ikawa miche,
kisha vijiti tu, vimechomekwa kama sindano.
Halafu tuta.
Tuta la mpunga, mnyoofu, kazi ya jembe,
chini ya maji ya kijivu.
Na jingine. Na jingine.
Kaa wakichungulia pale lilipokuwa bua.

"Hapa ni Kondeni. Kwa mamangu mkwe, Bi Nnyamizi.
Mwaka niliolewa tulivuna hadi tukaazima magunia.
Mwaka maji yalipolamba tuta la mwisho
tukasema ni bamvua, litatoka.
Likatoka. Likaacha chumvi.
Mwaka wa pili halikuona haya.
Tukajenga kizuizi cha mawe, mawe yakanywea topeni.
Tukapanda mikoko, mikoko ikashika, ndiyo hii.
Imeshika kila kitu ila konde."

Hori ya ubaoni ilichukua miaka elfu.
Hii imechukua umri wa mwanamke mmoja
na visu vitatu vya chaza.

Najua mpimaji mkuu ataniuliza:
Kondeni, ndani ya maji?
Atapiga mstari mwekundu, aseme ni kosa la karani.
Na huenda mtoto ambaye hajazaliwa
akapita hapa na pondo, amuulize babake
mbona bahari yaitwa shamba,
na babake, kwa kuwa hajui, atamtungia
jini, au binti wa mfalme,
au Mwanamanga kama yule wa mlangoni,
ambaye labda naye
alikuwa na tuta lake.

Maji yakaanza kurudi, kwanza kwenye nyayo zetu.
Kisanduku hakikutosha. Niliandika nikapinda,
herufi zikamwagikia safu ya Kina,
safu ambayo sikuwa na la kuijaza.
Bi Time hajui kusoma, lakini alisimama begani pangu,
akaifuata kalamu kwa ncha ya kisu.
"Andika vizuri," akasema,
"jina la mkwe wangu lina n mbili."