Nati Thelathini na Mbili

Asubuhi nje ya Deming, umande umeganda juu ya vioo.
Thurman ameketi kwenye kiti cha turubai,
blanketi magotini, daftari la kijani mapajani,
na mkono wake wa kulia unatetema
kama dizeli iliyowashwa kwenye baridi.

"Anza na nati," anasema.
Siku zote anaanza na nati.
Tairi mpya, tumezifunga jana: nane kwa kila gurudumu,
na usizikaze kwa kuzunguka, zikaze kwa kuvuka,
ya juu, kisha ya chini, kisha ubavuni,
mpaka spana iseme tak.
Nahesabu kwa sauti ili asikie.
Kwenye ya thelathini na mbili anafumbua macho.

Nyumba ya Dubuque tuliiuza miaka sita iliyopita.
Ilikuwa na ngazi kumi na nne na ghala la chini
ambalo hatukujua lina nini.
Hii ya sasa tunaijua yote.
Sahani, picha za wajukuu, viatu vyake vya harusi,
vyote vinaning'inia kwenye pini moja ya chuma
isiyozidi unene wa kikombe cha chai.
Ndiyo maana sibanii grisi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo wasemavyo.
Huku hujengi kitu. Ukuta wenyewe unageuka uji.
Februari nilibonyeza nyuma ya kabati
na kidole kikazama hadi kiungo cha pili.
Nilikaa sakafuni nikacheka,
halafu nikaacha kucheka.

Eustolia Baca, jirani wa trela la njano,
miaka thelathini fundi wa mabasi ya shule,
alinipandisha juu ya paa na kunipa kikwaruzo.
"Usiihurumie gundi kuukuu," alisema.
"Hiyo inayokuambia bado ipo, ndiyo inayovujisha."
Tulipiga magoti siku tatu juani,
tukikwangua pembeni mwa kila dirisha la paa,
na Thurman chini akisoma kwa sauti
maagizo ya mkebe, pamoja na yale ya kuzima moto.

Gari tunaliita Baghala.
Maili laki mbili na elfu kumi na tisa,
mlango wa abiria unafunguka kwa kusihiwa tu.
Thurman analitakia springi za hewa.
Amezichorea picha kwenye daftari, mistari ikitambaa
kama imechorwa ndani ya gari linalokwenda.
Nilimwambia mwakani.
Pesa za mwaka huu zimeingia chini ya kitanda:
betri mbili za lithiamu, nyepesi, hazina hata sauti.
Za zamani zilikuwa zikikata roho saa tisa usiku,
na mashine yake ya kupumulia inakata nazo,
nami naamka kwa sababu ya kimya.
Wapita njia wakitazama husema, mmeboresha!
Mimi nimenunua usiku kucha.

Sasa kuunganisha.
Zamani yeye alishika usukani, mimi nikipunga mikono nyuma
na kutukanwa.
Leo niko kwenye usukani,
naye kwenye kioo cha pembeni, mdogo, kofia ya sufi,
mkono umeinuliwa.
Mtu mwingine asingeelewa mkono ule.
Unatetema: njoo.
Unatetema kuelekea mlimani: kushoto kidogo.
Akiukamata kwa mkono wa pili,
akaubana kifuani kama ndege aliyekurupuka,
hapo nakanyaga breki.

Taya la chuma linafumba.
Nafunga breki za trela, navuta kidogo, polepole,
kujua kama kweli tumeshikana.
Baghala linaguna. Nyumba haiachii.

Namfunga mkanda. Namwekea daftari.
Hatujafika hata lango la kambi,
"Baada ya maili hamsini," anasema,
"simama. Uzikaze tena."