Mizani ya Duka

Deni la Kiprono lilifika elfu nne na mia mbili:
unga, mafuta ya kupimwa, mkate wa kila Jumapili.
Siku ya siku akaja na katoni, akaitua juu ya kaunta,
akasema, "Mama Bosibori, hela sina. Nina huyu."

Ndani, juu ya soksi moja,
ngumi ya mtoto mchanga iliyoota manyoya.
Kilebu wa mwisho, yule ambaye wateja wake walimkataa.

Nikamwaga maharagwe kwenye sahani ya mizani, nikamweka yeye.
Gramu mia sita.
Nusu kilo ya sukari, na chumvi ya kuonja.
Nikamwita Sumuni.

Mbwa nawajua mimi.
Kwetu Nyamache tuliwalea kwa ukoko wa ugali,
mifupa, na Mungu.

"Huyu si wa hivyo," akasema Daktari Jelimo,
mikono yake bado inanuka ng'ombe wa Njoro.
"Tumbo lake ni kifuniko cha soda.
Huwezi kulijaza asubuhi ukalisahau.
Mara nne kwa siku, na kidogo kabla hujalala.
Kuku wa kuchemsha, bila mfupa, bila chumvi.
Wali uive mpaka usahau kuwa ulikuwa mchele.
Maziwa ya ng'ombe yatamharisha.
Kitunguu asikione hata kwa macho."

Nikacheka. Wajukuu zangu watano
hakuna aliyewahi kuandikiwa chakula na daktari.
Na Onyancha wa bodaboda, akingoja chenji:
"Mama, hiyo panya unapima kilo pesa ngapi?"

Mwezi wa saba, baridi ya Menengai
hushuka usiku pekupeku, ikapita chini ya mlango.
Mchana ule mzigo ulikuwa umeingia, magunia ishirini,
na mlo wa saa kumi ukanipita.
Saa tisa usiku nikanyoosha mkono kwenye katoni:
amelegea kama kitambaa cha kupangusia meza,
ufizi mweupe, macho hayashiki taa.

Asali.
Nilikuwa nimeiandika nyuma ya daftari la madeni,
nikaona aibu kuiandika.
Kidole kwenye asali, kidole kwenye ufizi.
Kidole kwenye asali.
Chupa ya soda, maji moto, nikaivika soksi ileile ya Kiprono.
Nikamtia kifuani, mahali ninapoficha mauzo ya siku,
nikakaa juu ya gunia la mahindi, nikihesabu.
Sijui nilikuwa nahesabu nini.

Adhana ya alfajiri ikalia upande wa Bondeni.
Sumuni akapiga chafya.
Kisha akanikojolea, yeye na noti zangu za mia.

Tangu hapo simu yangu hulia mara nne kwa siku,
na anayetaka majani ya chai atangoja.
Dawa ya minyoo amemeza. Chanjo mbili tayari, ya tatu bado,
kwa hiyo hakanyagi nje, na kaunta hairuki:
magoti yake ni njiti za kiberiti.

Juzi Kiprono kaja, viatu vinang'aa.
"Kuna bibi mmoja Milimani atatoa elfu thelathini.
Tugawane."
Nikamfungulia daftari.
Jina lake nilikwisha kulipiga mstari,
na chini yake, kwa kalamu nyekundu:
kuku, asali, minyoo, chanjo, usingizi.
"Anza na usingizi," nikamwambia. "Huo nilipe kwanza."

Leo Jumamosi, siku ya kupima.
Kilo moja na robo. Au na nusu.
Anatikisa mkia, na mshale unatikisika naye,
duka zima limeinama kuusoma,
hata Onyancha, kofia mkononi.

"Tulia," namwambia.
Hatulii.
Naandika tarehe,
naacha nafasi ya uzito.