Wino wa Uboho

Mamangu alichora hina Kibokoni miaka thelathini.
Aliijua rojo kwa kuitazama ikidondoka kutoka kijitini:
ikikatika upesi, bado maji;
ikining'inia, imekomaa;
ikikataa kutoka, umeiua kwa pupa, anza upya.
Nilikaa kando yake nikimkunjia koni za karatasi,
nikidhani najifunza kupamba maharusi.

Sasa niko Tudor, ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi,
mbele ya mashine isiyozidi cherehani kwa ukubwa.
Rojo yangu ni ya mwani uliochujwa hadi ukawa unga mweupe,
jelatini kidogo, vumbi la madini ya mfupa,
na ndani yake, milioni ishirini kwa kijiko cha chai,
seli za Nyawa.

Nyawa wa Likoni, kuli wa Kilindini.
Kontena ilipoponyoka haikumwomba radhi.
Mguu waliuokoa. Muundi haukurudi wote:
mfupa wa upana wa vidole vitatu
ulibaki kwenye ripoti ya kampuni.
Walipomdunga nyongani kuvuta uboho
alicheka huku ameuma meno:
"Haya, chukueni mbegu."

Sindano hushuka. Uzi wa jeli hutoka,
safu ya kulala, safu ya kukatiza, kama anayesuka jamvi
na kuacha matundu makusudi.
Matundu ndiyo kazi yenyewe.
Gusa ukuta wowote wa matumbawe Mji wa Kale:
jiwe lenye vitobo ndilo lililoshika chokaa.
Damu nayo yataka vichochoro vyake.

Kisha nanyunyiza maji ya kalisi,
na kilichokuwa kikiteleza kinashikana ghafla
kama ndugu waliosikia mgeni akimtukana mama yao.
Lakini usidanganyike. Si mfupa huo.
Ubonyeze, unabonyea kama halua ya jana.
Mashine hutandika kitanda tu.
Seli zenyewe ndizo ziamke, ziile jeli polepole,
ziache mfupa pale zilipokuwa zimelala.

Au zisiamke.

Siku ya kumi na saba stima zilipotea saa nane usiku,
zikarudi saa tisa na hasira zao.
Charo wa zamu alinipigia simu; nilifika na leso juu ya gauni la kulalia.
Kidhibiti joto kilikuwa kimeungua,
kabati limepanda hadi digrii arobaini na tisa.
Mji mzima walala na joto, wakoga joto, watania joto,
na bado lilijua pa kuingilia.

Nilidondosha rangi, nikainama kwenye hadubini.
Zilizo hai hung'aa kijani.
Niliona nyekundu. Nyekundu tupu, hadi pembeni,
kama viganja vya bibi harusi.

Nyawa alipanda ngazi zile zote kwa magongo.
Nilimwonyesha: kitu kidogo, rangi ya maziwa, hakizidi kaimati.
Alikitazama sana.
"Huyu alikuwa mimi?"
Nina shahada mbili na sikuwa na neno.
"Alikuwa wewe," nikasema.
"Basi nipe. Kiungo cha mtu hakitupwi jaani."

Kanuni yasema taka za seli huchomwa.
Kitabu cha maabara kimeandikwa: *zimechomwa*.
Mwandiko ni wangu.
Alikifunga kwa kitambaa cheupe, akakizika nyuma ya jiko lake,
na mkewe, naambiwa, akanyunyiza maji
akiuliza huyu wa kidole kimoja asomewe nini.

Nilimweleza mama. Hakuuliza habari za stima.
Alisugua kidole gumba na cha shahada hewani:
"Na rojo, ilikuwaje?"
Ilining'inia, mama. Ilikuwa imekomaa.

Jumatatu Nyawa alirudi bila kuitwa.
Akalala ubavu, akalegeza kikoi nyongani,
akaugeukia ukuta.
"Chukua nyingine," akasema.
Halafu, sindano ikiwa imeshaingia:
"Jenereta je, mumenunua?"

Bado.