Rehani

Badi wa bandarini aliniachia santuri rehani,
suruali mbili za kijivu, na mfukoni hana kitu.
"Usiipige ukiwa na haraka," akasema,
"wala usianzie katikati. Ni hadithi moja."
Nikacheka. Hadithi ya magitaa?

Duka langu ni pale Majengo, mlango wa kijani,
futi nane kwa kumi, cherehani na feni mbovu.
Usiku ule joto limekaa kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikashusha sindano.

Mwanzo hakuna wimbo. Kinanda tu,
kinavuta pumzi kama mtu anayesita kubisha hodi.
Dakika nne nzima! Nilikaribia kuzima.
Kisha ngoma ikaingia, na mguu wangu,
mguu uliokanyaga cherehani miaka ishirini na mitatu,
ukaifuata: moja, mbili, tatu, nne,
ukajikwaa.
Nikarudia. Ukajikwaa tena.
Kumbe wanahesabu saba wale watu,
na ile ya saba haipumziki,
inarudi nyuma kama uzi unaofunga mshono.

Kiingereza changu kinaishia kwenye inchi na yadi.
Nimeambulia haya: mtu yumo nyumbani mwake,
kila usiku anakuta chumba kimoja zaidi,
na katika cha mwisho mna kiti,
na kiti kingali na joto.
Hapo gitaa halilii.
Linakataa kulia, ndiyo maana sikulala.
Nilikifikiria chumba cha mama, ufunguo juu ya kabati,
subana yake dirishani tangu Ramadhani ya juzi.

Bi Mishi alifuata buibui lake Alhamisi.
"Muziki gani huu wa matanga?"
"Subiri," nikasema, "sasa hivi utachangamka."
Haukuchangamka.
Stima ikakatika, sauti ikazama polepole, nene,
kama mtu anayesinzia neno likiwa mdomoni.
Bi Mishi hakuondoka. "Sasa yule mtu," akauliza gizani,
"alikikalia kile kiti?"

Jana Badi kaja na noti zake zilizokunjamana.
Nikamwambia suruali bado upindo.
Ziko chini ya meza wiki ya tatu, zimepigwa pasi.
"Kaa," nikamwambia.
Tukasikiliza bila neno, yeye kafumba macho,
na pale penye saba
nikakitazama kiatu chake chenye vumbi la bandari:
moja, mbili, tatu, nne,
kikajikwaa.