Kijiti

Kijiti chetu kilikuwa kipande cha mpini wa jembe.
Mwalimu Nyamizi alikisugua kwa msasa
mpaka kikateleza kama sabuni.
Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kengele ya uji,
tulikuwa uwanjani, mchanga wa Tabora ungali baridi,
naye ndani ya koti la marehemu mumewe,
filimbi mdomoni, hapulizi.

"Usigeuke.
Anayegeuka anaibiwa hatua mbili.
Nyoosha mkono nyuma, fungua kiganja.
Kijiti kitakuja. Kukiona si kazi yako."

Kule Nzega niligeuka.
Kikadondoka, tukawa wa mwisho,
na nyuma ya lori hakuna aliyenisemesha
isipokuwa yeye: alinimegea muhogo wa kuchoma,
akauliza kama viatu vinanibana.
Vilinibana. Tangu kidato cha kwanza.
Jumatatu nikakuta vingine chini ya kitanda,
vimechakaa, namba yangu.
Sikuwahi kumwambia asante.
Siku anazikwa Ipuli nilikuwa zamu.

Ni mwaka wa kumi na tisa sasa, wodi ya wazazi.
Umeme umekatika, jenereta inakohoa,
mama ananing'ang'ania bega,
macho yangu hayawezi kumwacha.
Nanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi.

Mkasi unatua.

Baadaye, mtoto akishalia,
Kashindye, mwanafunzi wangu, ananiuliza:
"Dada, ulijuaje kama nipo?"

"Sikujua," namwambia.
"Kaoshe mikono."